Maradhi Bila Kidonda: Wagonjwa wa Mwili na Moyo katika Historia ya Tiba ya Akili Afrika Mashariki

Hospitali za kwanza za magonjwa ya akili katika Afrika Mashariki zilijengwa kwa ajili ya watu waliovuruga utulivu wa kijiji, wa mji au wa shamba la mlowezi, na jambo hilo moja limeathiri kwa zaidi ya miaka mia moja namna ambavyo wagonjwa wengine wote wa nafsi wamehudumiwa, au wamekosa kuhudumiwa. Kituo cha Lutindi katika milima ya Usambara, ambacho wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walikianzisha mwaka 1896 kiwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904. Huko Nairobi majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui yaligeuzwa mwaka 1910 kuwa hifadhi ya vichaa, nayo ndiyo iliyokuja kuwa Hospitali ya Mathari. Na Dodoma ikapata hospitali yake, Mirembe, katika miaka ya 1920. Kwa kawaida mgonjwa hakwenda huko kwa miguu yake na kwa hiari yake. Aliletwa na askari, na jumbe, kwa amri ya mkuu wa wilaya au na ndugu waliochoka kumfunga kamba, na maelezo yaliyomwandama yalisema kwamba yu hatari kwa nafsi yake au kwa wenzake. Mtu aliyekesha kwa huzuni, akaamka kichwa kikimgonga, moyo ukimwenda mbio na tumbo likimsokota, lakini akajikokota hadi shambani kulima, hakuwa na sababu ya kuletwa na yeyote, na kwa hiyo hakuhesabiwa.

Mtu huyo wa pili ndiye anayehusika na historia hii. Madaktari wamempa majina mengi kwa nyakati mbalimbali: histeria, udhaifu wa neva, ugonjwa wa kisaikosomatiki, yaani ule ambao hali ya nafsi na hali ya mwili huchocheana, na katika miongo ya karibuni, dalili za mwili zisizoelezeka kitabibu. Hali inayotajwa kwa majina hayo ni maumivu, kupooza, kuanguka, kuishiwa pumzi au uchovu unaomtesa mtu kwelikweli, ambao vipimo havionyeshi kidonda, uvimbe wala kijidudu cha kuueleza, na ambao hupanda na kushuka pamoja na hofu, msiba, aibu au dhuluma iliyompata. Mgonjwa wa aina hii hadanganyi. Anayejisingizia ugonjwa anajua kwamba ni mzima, ilhali huyu hajui, na mguu wake uliopooza haumtii hata anapotamani kwa dhati kuuinua. Madhara mengi yatakayoelezwa hapa yalitokana na watu wenye elimu kubwa kushindwa kuzitenganisha hali hizo mbili.

Kabla ya hospitali hizo kuwapo, na kwa kweli hata baada ya kujengwa, mgonjwa wa namna hiyo katika miji ya pwani alikuwa na mahali pa kwenda. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa mrima ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, aliandika kuhusu pepo, waganga wao na ngoma zao kama mambo ya kawaida katika maisha ya jamii yake. Malalamiko yaliyompeleka mtu kwa mganga mara nyingi yalikuwa ya mwili: kichwa, mgongo, viungo kulegea, mimba kuharibika, chakula kutopita. Mganga alipiga ramli au alitazama kitabu. Kama aliona ni jambo la kisomo, aliandika aya kwa zafarani katika sahani, akaosha maandishi kwa maji ya waridi, na mgonjwa akanywa kombe hilo. Na kama aliona ni pepo, mgonjwa aliingizwa kilingeni, akafukizwa buhuri na ubani, akapigiwa ngoma mpaka pepo apande kichwani, ataje jina lake na aseme anachotaka.

Mtafiti anayetazama kilinge kwa macho ya tiba ya akili huvutiwa na mpangilio wake wa kijamii zaidi kuliko suala la pepo kuwapo au kutokuwapo. Mwele, kama alivyoitwa mgonjwa wa ngoma, hakuachwa peke yake na maumivu yake. Jamaa walilazimika kukusanyika, kutoa fedha, kuandaa chano na kukesha, na madai ambayo mke au mkwe asingeweza kuyatamka mbele ya wakubwa yalitamkwa na pepo kupitia kinywa chake bila yeye kulaumiwa. Mara nyingi pia hakupunguziwa dalili tu akarudishwa nyumbani, bali aliingizwa katika chama cha watu waliopitia hali hiyohiyo, akawa na wenzake na cheo chake, na pengine baada ya miaka akawa mganga. Haifai, hata hivyo, kuipamba tiba hii kupita kiasi. Gharama zake zilifilisi nyumba maskini, na mwenye kifafa, uvimbe wa ubongo au malaria kali aliyekesha kilingeni alipoteza siku ambazo zingeweza kuokoa uhai wake. Kosa la mganga lilikuwa kudhani kwamba kila maradhi yana msemaji ndani yake. Daktari aliyemfuata alikosea upande wa pili, kwa kudhani kwamba maradhi yasiyo na kidonda hayana la kusema.

Daktari huyo alikuja na urithi wa Ulaya, na urithi wenyewe haukuwa umetulia. Jean-Martin Charcot, aliyeanza kuongoza wodi katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris mwaka 1862 na kupewa mwaka 1882 kiti cha uprofesa wa magonjwa ya mfumo wa neva, alikuwa amewashawishi wenzake kwamba kupooza na degedege za wanawake waliolazwa kwake zilikuwa ugonjwa halisi wenye kanuni zake, na kwamba wanaume, wakiwamo mafundi na wafanyakazi wa reli waliopata ajali, waliupata pia. Aliamini kwamba katika ubongo wao palikuwa na hitilafu ya utendaji isiyoonekana kwa hadubini. Hiyo ilikuwa hatua kubwa ya heshima kwa mgonjwa, ingawa Charcot huyohuyo aliwaonyesha wanawake hao mbele ya hadhira na kuwapiga picha wakiwa katikati ya mashambulizi yao, bila kuzingatia kwamba mwanamke aliyezoea kutazamwa hujifunza kile kinachotazamiwa kwake. Mwaka 1895, miaka miwili baada ya kifo chake, Josef Breuer na Sigmund Freud, ambaye aliwahi kuhudhuria mafunzo ya Charcot, walichapisha kitabu chao kuhusu histeria na kudai kwamba kumbukumbu yenye uchungu isiyopata njia ya kusemwa hugeuka kuwa dalili ya mwili. Ndipo likazaliwa wazo la ugeuzaji, ambalo limedumu katika vitabu vya tiba hata baada ya nadharia nyingine za Freud kuachwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta wagonjwa hao kwa maelfu, na safari hii walikuwa askari. Daktari Charles Myers aliandika mwaka 1915 kuhusu askari waliopoteza kuona, kunusa na kumbukumbu baada ya mabomu kulipuka karibu nao, na waliomfuata walikuta mabubu, viziwi na waliopinda mgongo bila jeraha. Namna walivyotibiwa ilitegemea sana mtazamo wa daktari, na pengine zaidi cheo cha mgonjwa. Katika hospitali ya maofisa ya Craiglockhart karibu na Edinburgh, W. H. R. Rivers aliwahimiza wagonjwa wake wazungumze juu ya yale waliyoyaona badala ya kuyafukia. London, Lewis Yealland aliwapitishia askari wa kawaida mkondo wa umeme kooni au mguuni, huku akiwaamuru wapone kabla ya kutoka chumbani. Wote wawili walidai mafanikio, na wote wawili walikuwa wakitumikia jeshi lililotaka watu wake warudi vitani.

Katika makoloni ya Afrika Mashariki hata ubishi huo haukuwapo. J. C. Carothers, daktari aliyekuwa akihudumu wilayani Kenya, alikabidhiwa Hospitali ya Mathari mwaka 1938 bila kuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili, akaiongoza hadi mwaka 1950, na kutokana na wagonjwa aliowapokea huko akajenga nadharia juu ya akili ya Mwafrika kwa jumla. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake mwaka 1953, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikatoa andiko lake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Carothers alisema kwamba sonona, yaani huzuni nzito inayomnyima mtu usingizi, hamu na nguvu kwa wiki au miezi, ni nadra kwa Waafrika, na akafika hata kulinganisha utendaji wa ubongo wao na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Dharau iliyomo katika ulinganisho huo inaonekana bila msaada wa mfafanuzi. Kosa la kimbinu halikuonekana upesi namna hiyo, ingawa lilikuwa la wazi: Carothers alihesabu watu waliopita katika lango la Mathari, na lango hilo, kama ilivyokwisha kuelezwa, lilikuwa la waliovuruga utulivu. Mama mwenye sonona, anayelalamika kwamba kichwa kinawaka moto na mwili umekwisha nguvu, alikuwa zahanati ya misheni akipewa vidonge, au kilingeni, au kitandani kwake. Hakuwa nadra; aliyekuwa akihesabu alisimama mahali ambapo mama huyo hapiti.

Wakati Carothers akiandika, daktari kijana kutoka Martinique aliyekuwa akisoma Lyon alikuwa akiwatazama wahamiaji wa Algeria, Morocco na Tunisia waliofika katika hospitali za Ufaransa wakisema wanaumwa kila mahali. Frantz Fanon alieleza katika makala ya mwaka 1952 jinsi madaktari walivyomwona mgonjwa huyo kuwa mvivu na mwongo kwa sababu hakuweza kuonyesha kwa kidole mahali maumivu yalipo, naye akasisitiza kwamba mtu aliyetenganishwa na nchi yake, jamaa zake, kazi ya heshima na usalama wake ana haki ya kuumwa mwili mzima. Baadaye, kutokana na kazi yake katika hospitali ya Blida-Joinville nchini Algeria na miongoni mwa wapigania uhuru, alitenga katika kitabu chake cha mwaka 1961 kundi zima la maradhi ya kisaikosomatiki ya wakati wa vita: vidonda vya tumbo, maumivu ya figo, hedhi kuvurugika, moyo kwenda mbio, na misuli iliyokakamaa kiasi kwamba mtu hawezi kupanda ngazi wala kutembea haraka. Katika kitabu hichohicho alimshambulia Carothers kwa jina. Fanon alifariki tarehe 6 Desemba 1961, siku tatu kabla ya Tanganyika kupata uhuru, na wiki saba baada ya uhuru huo nchi hiyo changa ilipata tukio ambalo limetajwa mno duniani na kueleweka kidogo.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa ikiendeshwa na wamisionari katika kijiji cha Kashasha, upande wa Bukoba magharibi mwa Ziwa Viktoria, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, wote wakiwa kati ya umri wa miaka 12 na 18, ilhali hakuna mwalimu hata mmoja aliyeguswa. Masimulizi ya baadaye yamelifanya jambo hili kuwa kichekesho kilichokosa mwisho, na hilo ni kosa linalowadhulumu waliougua. Wasichana hao walilia kama walivyocheka. Kila shambulio lilidumu kwa dakika kadhaa au saa kadhaa, likatulia, kisha likarudi, na hali nzima ilichukua kati ya saa chache na siku 16. Katikati yake walihangaika, walikimbia, waliwapiga waliojaribu kuwashika, na baadhi walieleza kwamba vitu vinatembea vichwani mwao na kwamba kuna mtu anawafukuza. Wahaya walisema ni enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Waliokuwa ndani ya ugonjwa huo walikuwa na hofu.

Uenezi wake ulifuata njia za ukoo na urafiki. Wanafunzi waliporudishwa makwao, ugonjwa ulitokea Nshamba, kijiji ambacho baadhi ya wasichana wa Kashasha walitoka, na huko ukawapata watu 217 katika Aprili na Mei, wengi wao wakiwa vijana na watoto wa shule. Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wasichana wengine 57 wakaugua, na ikafungwa kwa mara ya pili. Mwezi Juni ulifika Ramashenye, shule nyingine ya wasichana karibu na Bukoba, ambako 48 kati ya wanafunzi 154 walipatwa, na kutoka huko msichana mmoja akawa nao alipofika nyumbani, ukawashika watu wa familia yake mmoja baada ya mwingine.

Madaktari wawili, P. J. Philip wa Bukoba na A. M. Rankin wa Makerere, walifanya kile ambacho daktari mwaminifu alipaswa kufanya. Walipima joto la mwili na hawakukuta homa. Walichukua damu na maji ya uti wa mgongo na hawakukuta maambukizi. Walichunguza chakula, kwa kuwa iko mimea yenye sumu inayoweza kumtoa mtu akili, na hawakuona dalili ya sumu. Hakuna mgonjwa aliyekufa. Katika taarifa yao iliyochapishwa mwaka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati walihitimisha kwamba hiyo ilikuwa histeria ya umma, yaani hali ambayo dalili za mwili na za tabia husambaa katika kundi la watu wenye uhusiano wa karibu na wasiwasi wa pamoja, bila kijidudu wala sumu. Taarifa hiyo ni ya uangalifu na inastahili kuheshimiwa. Udhaifu wake ni kwamba uchunguzi ulikomea pale vipimo vilipokomea: sumu iliulizwa kwa kina, lakini maisha ndani ya bweni, adhabu, chakula, njaa ya nyumbani, hofu ya mtihani na mzigo wa kuwa binti aliyepelekwa shule kwa niaba ya ukoo mzima katika nchi iliyokuwa imeahidiwa kila kitu, havikuulizwa kwa kina hicho. Wasichana walipimwa mwili, lakini sauti zao hazimo katika taarifa hiyo.

Matukio ya aina hiyo hayakuishia Bukoba. Mwaka 1963 mamia ya watu waliugua nchini Uganda, katika eneo la Mbale na katika Kigezi, kusini magharibi, wakicheka, wakikimbia ovyo na kutetemeka. Benjamin Kagwa, daktari wa magonjwa ya akili wa Uganda, aliyaandika mambo hayo mwaka 1964 katika jarida la tiba la Afrika Mashariki, na tofauti kati yake na waliomtangulia ni kwamba aliyatafuta maelezo katika hali ya jamii yenyewe: mgongano kati ya imani za wazee na mafundisho mapya ya shule na kanisa, uliowaweka vijana njiapanda bila ruhusa ya kulalamika. Maelezo ya Kagwa hayatoshelezi kila swali, kwa kuwa mgongano huo ulikuwapo katika kila wilaya na ugonjwa haukutokea kila wilaya. Lakini alipeleka mjadala mahali pake, penye mahusiano ya watu, na baada yake imekuwa vigumu kwa mtaalamu kusema kwamba kazi imekwisha mara maabara inapotoa majibu safi.

Wakati huohuo hesabu ya Carothers ilikuwa ikibomolewa polepole. M. J. Field, aliyefanya utafiti katika mahekalu ya mashambani ya Ghana, alionyesha mwaka 1960 kwamba wanawake wengi waliokwenda huko kuomba nafuu walikuwa na sonona ambayo hospitali haikuwahi kuiona. Uganda, John Orley alichapisha mwaka 1970 uchunguzi wake kuhusu jinsi Baganda walivyoyapanga maradhi: wazimu na kifafa vilihesabiwa kuwa maradhi ya kichwa, ilhali hofu, huzuni na mapigo ya ghafla viliwekwa upande wa moyo, na kwa hiyo hakuna aliyefikiria kumpeleka mgonjwa wa moyo wenye hofu kwenye hospitali ya vichaa ya Butabika. Mwaka 1979 Orley na J. K. Wing wakatoa matokeo ya kuwachunguza watu katika vijiji viwili vya Uganda kwa maswali yaleyale yaliyotumika Camberwell, mtaa wa London, na wakakuta kwamba sonona ya wanawake vijijini ilikuwa ya mara nyingi zaidi, na nzito zaidi, kuliko ya wanawake wa London. Miaka 26 ilikuwa imepita tangu kitabu cha Carothers, na sababu ya tofauti hiyo kubwa ilikuwa rahisi: safari hii wachunguzi walikwenda nyumbani kwa watu.

Mwaka huohuo wa 1979, David Ndetei na Joseph Muhangi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliofika kwa miguu yao katika kituo cha tiba cha mashambani nchini Kenya, wakakuta kwamba takribani mmoja katika kila watano alikuwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona na wasiwasi, huku malalamiko yaliyomleta yakiwa ya mwili. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1980, uliofanyika Colombia, India, Sudan na Ufilipino, ulithibitisha picha hiyohiyo: kati ya wagonjwa 1,624 wa vituo vya afya vya msingi, 225 walikuwa na tatizo la akili, wengi wao walikuja kwa ajili ya kichwa, kikohozi au tumbo, na wahudumu waliwatambua theluthi moja tu. Kutokana na kazi hiyo lilipatikana dodoso fupi la maswali 20 ya ndiyo au hapana, ambalo limetumika pia kwa Kiswahili, na ambalo linauliza juu ya kichwa, usingizi, mikono kutetemeka na chakula kusagika tumboni sambamba na maswali ya huzuni na kukata tamaa. Dodoso hilo linaanzia pale mgonjwa anapoanzia, mwilini, kisha linasonga kuelekea mambo ambayo asingeyataja bila kuulizwa.

Tanzania, ambayo katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, iliendesha mpango wa taifa wa afya ya akili ulioanzia Morogoro na Kilimanjaro, ilijaribu kulitendea kazi somo hilo kwa kuwafunza watumishi wa zahanati na vituo vya afya kutambua na kutibu badala ya kumngojea kila mgonjwa afikishwe Mirembe. Mpango huo ulikuwa wa haki na wa busara. Mgonjwa wa kifafa na mwenye kusikia sauti ndio walionufaika kwa haraka zaidi, kwa kuwa dawa zao zilijulikana na dalili zao zilionekana. Yule wa kichwa, moyo na tumbo alibaki nyuma, kwa kuwa mtumishi mmoja mwenye foleni ya watu 60 hana nusu saa ya kumsikiliza mtu mmoja, na kidonge cha maumivu huandikwa kwa dakika moja.

Upande wa nadharia, mabadiliko yamekuja kwa kuchelewa lakini ni ya kweli. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliacha jina la histeria mwaka 1980, na toleo lake la mwaka 2013 liliondoa sharti kwamba maumivu yawe hayaelezeki kitabibu ndipo mgonjwa ahesabiwe. Kinachotazamwa sasa ni kiasi ambacho maumivu hayo, yawe na kidonda au yasiwe nacho, yametawala mawazo na maisha yake. Madaktari wa neva nao wamerudi kwenye alama ya kliniki iliyoelezwa na Charles Hoover mwaka 1908, ambayo kwayo mguu dhaifu hupata nguvu bila mgonjwa kukusudia pale anapoinua mguu wa pili akiwa amelala chali. Alama hiyo, iliyowahi kutumiwa kuwaumbua waliodhaniwa waongo, siku hizi huonyeshwa kwa mgonjwa mwenyewe kuwa habari njema, yaani ushahidi kwamba neva na misuli yake ni mizima na kwamba mazoezi ya viungo na ushauri vinaweza kumrudishia mguu. Ni vigumu kupata mfano bora wa kipimo kilekile kubadilika maana kwa sababu ya heshima anayopewa mgonjwa.

Hata hivyo utaratibu wa zamani haujaondoka. Mnamo Oktoba 2023, katika shule ya wasichana ya Eregi, kaunti ya Kakamega nchini Kenya, makumi ya wanafunzi walipoteza nguvu za miguu na kupelekwa hospitali, shule ikafungwa, sampuli zikachukuliwa, na picha za wasichana wakijikongoja zikazunguka katika simu za nchi nzima kabla ya daktari yeyote kumaliza kazi yake. Charcot aliwapiga picha wanawake wa Salpêtrière kwa hadhira ya ukumbi mmoja. Wasichana hawa walitazamwa na mamilioni, na hakuna njia ya hakika zaidi ya kuieneza dalili ya namna hiyo kuliko kuionyesha.

Pamoja na hayo, jaribio la tiba lililoleta matumaini makubwa zaidi katika ukanda huu lilifanyika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa mkoa wa Kagera, ulimo Bukoba, katika eneo lililokuwa limezika watu wengi mno kwa Ukimwi. Paul Bolton na wenzake walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe wataje hali za huzuni wanazozijua, kisha katika vijiji 15 kati ya 30 wakaunda vikundi vya wanaume na vya wanawake vilivyokutana mara moja kwa wiki, dakika 90 kila mara, kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa hukohuko ambao hawakuwa wataalamu wa tiba ya akili. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko yaliyowapata na upweke, na kusaidiana kutafuta la kufanya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliotimiza vigezo vya sonona katika vikundi hivyo walipungua kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5, ilhali katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walipungua kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Miezi sita baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo, na baadhi ya vikundi vilikuwa vimeendelea kukutana bila kuitwa na mtu.